Rivolva za Mahmoud

Jumamosi, 9 Novemba

Wifi yangu Tumu amenunua daftari hili kwenye spaza, kiduka cha pembeni, akaniwekea mapajani. "Yale usiyoweza kuyatamka, yaandike," amesema. "Afadhali hivyo kuliko kuzungumza na kabati." Ni kweli alinikuta nazungumza na kabati. Ndani bado mna mashati ya Mahmoud.

Basi naandika. Jina langu Saida. Mimi ni mke, kalamu inang'ang'ania kuandika mke, mimi ni mjane wa Mahmoud, fundi saa, mtu wa Tanga kama mimi. Moyo ulimsimama kazini, kioo cha kukuzia bado kimebanwa jichoni, saa ya mtu mkononi. Sasa niko edani katika nyumba yetu ya Troyeville, Johannesburg. Tumu, dada yake mkubwa, amepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake ili aje akae nami.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri. Mabati ya nyumba hii yana kelele kuliko ya kwetu.

Jumapili, 10 Novemba

Leo wamekuja watu wa msikitini na sahani za pilau. Nimekula kidogo.

Jumanne, 12 Novemba

Othmani amekuja baada ya kazi. Mwanangu huyu amezaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu hujibu kwa Kiingereza, kama mtu anayepokea chai kwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi ya baba yake. Hakuuliza habari ya nyumba wala ya mashati. Aliuliza habari ya sefu.

Niieleze hiyo sefu. Imo chumba cha nyuma, imefungwa kwa boliti ukutani kama sheria inavyotaka, na ndani yake mna rivolva nne za kale. Rivolva ni bastola yenye tumbo la kuzunguka. Zote nne ni za kijeshi, zimezidi umri wa miaka mia au zinaukaribia: moja ya Wajerumani, moja ya Waingereza, moja ya Wabelgiji, moja ya Wareno. Mahmoud alizitafuta nusu ya maisha yake. Alikuwa na leseni ya mkusanyaji, alikuwa mwanachama wa chama cha wakusanyaji, alisafiri mpaka jimbo la Free State kwenda kutazama kipande cha chuma akarudi mikono mitupu, amefurahi. Risasi haijawahi kuingia nyumba hii.

Na hakuruhusu zing'arishwe. Neno lake lilikuwa "hali ya asili". Kama mpini umechubuka, basi ubaki umechubuka. Kama chuma kimegeuka rangi ya kahawia kama ganda la mua mkavu, basi kibaki hivyo. Akivaa glavu za kitambaa cheupe kuzishika, mimi nilikuwa nikimwambia, "Mbona mimi hujanivalia glavu hata siku moja?" Alikuwa akicheka.

Nilizionea wivu. Wanawake wengine huonea wivu wanawake.

"Nazipeleka polisi zikakatwe," Othmani amesema. "Sizitaki kwenye jina langu."

"Ni za baba yako."

"Baba hayupo, Mama."

Amesema hivyo kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza neno hilo lina ukali zaidi. Nimemwomba anipe muda. Amenipa mpaka mwisho wa Januari: nikipata mtu mwenye leseni wa kuzichukua, vyema, nisipompata, zitakatwa. Akaondoka na ufunguo mfukoni, chai hakuinywa.

Jumamosi, 16 Novemba

Lambert amekuja.

Huyu, Baba Cédric, ni rafiki wa Mahmoud, Mkongo wa Uvira, fundi wa ngozi mwenye karakana yake Jeppestown. Walijuana zamani, Mahmoud alipompelekea ala kuukuu ya bastola ishonwe. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alasiri alikuwa hapa, wamejifungia chumba cha nyuma, na mimi nikisikia vicheko ukutani. Nilimhesabu kuwa mwizi wa Jumamosi zangu.

Leo hakuingia. Anajua niko edani. Alikaa kwenye ngazi za baraza ya mbele, mgongo kwangu, uso barabarani. Tumu akakaa mlangoni katikati yetu na mchele wake wa kuchambua. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia.

"Mama Othmani, pole tena."

"Tumeshapoa, Baba Cédric. Karibu."

"Mie sina neno. Ilikuwa Jumamosi tu, na miguu njo ilinileta yenyewe."

Akakaa mpaka mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Bez Valley, akaaga, akaenda zake. Tumu akasema, "Wakongo wana Kiswahili cha kuchekesha." Kisha akasema, "Lakini yule analia."

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Umeme umekatika. Tumu amepika wali wa nazi ya kopo, akaulaani.

Jumamosi, 23 Novemba

Lambert tena, ngazi zile zile. Nimemuuliza kupitia pazia kwa nini asizichukue yeye rivolva hizi, maana anazipenda.

"Mama, mie sina leseni na sitaomba. Marthe hawezi kulala nyumba yenye bunduki. Hata mie. Tuliona mambo kule Uvira. Kaka yangu walimpiga risasi mbele ya macho yetu, na kijana aliyempiga alikuwa mtoto wa jirani."

"Sasa ulikuwa unakuja kutazama nini?"

Teksi moja ikapita ikipiga honi.

"Zile za Baba Othmani zimenyamaza," akasema. "Nilikuwa naketi mbele yao, naona kumbe bunduki nayo inaweza kunyamaza. Hiyo ilikuwa inanipa usingizi."

Tumu aliacha kuchambua mchele.

Jumanne, 3 Desemba

Nimeota Mahmoud yuko jikoni anatafuta sukari, nami najua ilipo lakini sauti haitoki.

Jumamosi, 7 Desemba

Amekuja mnunuzi wa kwanza, Othmani amemleta. Kijana mwenye gari kubwa jeupe, ana hoteli ya watalii huko porini. Othmani alifungua sefu, kijana akazitazama kama mtu anayechagua matunda. Akaeleza mpango wake: atazipeleka zipakwe nikeli, zing'ae, azitundike ukutani juu ya baa. Leseni anayo. Fedha anazo, na ni nyingi.

Othmani akanigeukia. Nilikuwa nimekaa kitini kwangu nimejitanda. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Haziuzwi kwako."

"Mama!"

"Baba yako alivaa glavu kuzishika, na huyu anataka kuzipaka rangi kama kucha."

Kijana hakuelewa maneno, lakini alielewa. Walipotoka Othmani aliniambia kwamba nachezea muda wake. Nilikuwa nashangaa. Chuma nilichokionea wivu miaka yote, leo nimekipigania kama mwana.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua kubwa, Lambert amelowa chapa. Tumu amempa taulo na kikombe cha chai, akamwita "mwanangu", ingawa huenda wamepishana miaka michache tu. Nilimsimulia habari ya yule kijana. Alicheka mpaka akakohoa.

Kisha nikamuuliza nililotaka kuuliza tangu mwanzo. "Baba Cédric, Jumamosi zote hizo mlikuwa mnazungumza nini?"

"Hujui?"

"Nitajuaje? Mlikuwa mnafunga mlango."

"Mama, tulikuwa tunakuzungumza weye. Si zote, lakini mingi. Aliniambia vile ulikataa kuolewa naye mara ya kwanza, kwa sababu alichelewa kuleta posa, na yeye ni fundi saa. Aliniambia vile mlipofika hapa mlilala sakafuni Jeppestown, chumba kimoja na Wamalawi, na ukatundika kanga katikati, ukasema, 'Hapa ndipo Tanga inapoanzia.' Aliisema hiyo kila mwaka, kama mpya."

Niliinuka nikajifungia bafuni. Kanga ile niliisahau kabisa. Yeye alikuwa anaipeleka chumba cha nyuma, anaitoa mbele ya rafiki yake, anaitazama, anairudisha. Kwangu hakuitaja hata siku moja. Natamani angeitaja. Natamani ningegonga ule mlango, siku moja tu, nikasema, "Nami nataka kusikia."

Jumatano, 25 Desemba

Mtaa mzima umelewa. Mvua ya manyunyu. Othmani hakuja, kasema yuko Durban na wenzake.

Jumamosi, 4 Januari

Habari njema. Lambert amempata mtu: Bwana Lourens, mzee wa Kikaburu, mjumbe wa chama cha wakusanyaji, ambaye Mahmoud alikuwa akimtaja kwa heshima. Yuko tayari kuzichukua zote nne pamoja, bila kuzigusa, ziitwe mkusanyo wa Mahmoud. Atakuja Jumamosi ijayo kuzikagua.

Nimelala mchana huu usingizi mzito, kama mtu aliyetua mzigo.

Jumamosi, 11 Januari

Nivumilie, ewe daftari.

Bwana Lourens alikuja saa nane na nusu pamoja na Othmani. Mzee mrefu, kaptula na soksi ndefu, kofia mkononi. Aliniinamia kichwa kwa mbali akanipa pole kwa Kiingereza cha taratibu. Othmani akafungua sefu, akazipanga rivolva kwenye meza ya chumba cha kulia, juu ya kitambaa. Mzee akatoa glavu zake. Nyeupe.

Alianza na ya Waingereza, akaridhika. Ya Wabelgiji, ya Wareno, akaridhika. Akaiacha ya Wajerumani mwisho, kama mtu anavyoacha nyama mwisho wa sahani. Hiyo ndiyo Mahmoud aliitafuta kuliko zote, nzito, mbaya ya sura, kahawia kote, na kwenye mpini ina chapa ndogo ya jeshi la Wajerumani wa kwetu, wa Afrika Mashariki. Mzee aliisogeza dirishani, akakunja uso, akaigeuza, akakunja uso zaidi. Ndivyo wanavyotazama hawa. Hata Mahmoud alikuwa akikunja uso namna hiyo akifurahi. Lakini Tumu hajui. Tumu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, akamwona mnunuzi anakunja uso mbele ya chuma chenye kutu.

Hapo ndipo mvua ya mawe ilipoanza. Haikuanza kidogo kidogo. Ilikuja kama lori limemwaga kokoto juu ya bati. Bwana Lourens akaruka, "Gari langu!" na Othmani naye, gari lake jipya. Wakachukua mablanketi niliyowaelekeza kabatini wakakimbia nje kufunika vioo. Mimi nikaenda chumbani kuziba dirisha, maana mawe yalikuwa yanaingia mpaka kitandani, na dirisha likakwama, nikapambana nalo muda. Mtaa ulikuwa mweupe, mabati yakiunguruma, husikii hata sauti yako.

Niliporudi meza ilikuwa na rivolva tatu.

Nikamkuta Tumu jikoni, mikono imo ndani ya karai. Ametumia majivu ya jiko la mkaa, ndimu, na stilwaya ya masufuria. Ndivyo tunavyosugua sinia za shaba kwetu, tangu tukiwa wadogo. Akaniinulia ile rivolva ya Wajerumani, maji yanadondoka, inang'aa kama samaki.

"Tazama, wifi," akasema, uso wote tabasamu. "Alikuwa anasita kwa sababu ya kutu. Sasa hatasita."

Sijui nilipiga kelele gani. Wanaume waliingia wamelowa. Bwana Lourens aliipokea kwa glavu zake, akaitazama upande huu na ule, kisha akavuta kiti akakaa. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alikuwa kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

"Samahani sana, Bibi," akasema. "Hii siwezi tena. Hizi tatu nitazichukua. Hii imekwisha."

Nami nikamgeukia Tumu, mtu mzima, dada wa mume wangu, aliyeacha nyumba yake akaja kulala sakafuni kwangu, nikamwambia maneno haya, nayaandika yalivyo: "Mahmoud alikoshwa mara moja, na wenye kujua. Wewe umemkosha mara ya pili. Hakubakia na chochote cha kwake."

Tumu alifuta mikono kwenye kanga yake. Akaingia chumbani, akafunga mlango polepole.

Jumapili, 12 Januari

Hatusemi.

Jumatatu, 13 Januari

Hatusemi. Amepika, amenipakulia, amekula jikoni peke yake.

Jumatano, 15 Januari

Nimesikia anampigia mtu wa Tanga, anauliza kama tarehe ya tiketi hubadilishwa. Nilisimama ukumbini, miguu haikwenda mbele wala nyuma.

Ijumaa, 17 Januari

Othmani amepita kuona kama sefu iko salama. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, nikamtupia yeye: "Umefurahi, sivyo? Moja imeshaharibika, bado tatu."

Alikaa. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Miaka miwili iliyopita, kwenye robot, zile taa za barabarani za kuingilia Bez Valley, walimnyang'anya gari. Mmoja alimwekea mdomo wa bastola hapa, kwenye shavu, akaendelea kuuweka huku mwenzake akipekua mifuko. Anasema bado anausikia ubaridi wake akinyoa ndevu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia Baba. Akasema usiambiwe, hutalala."

Nami nikakumbuka: tangu wakati huo Othmani alikuja nyumbani kwa nadra, na akija Mahmoud alifunga kile chumba cha nyuma, hata Jumamosi. Mimi nikasema moyoni, mwanangu amepata fedha, ametudharau. Nikamsema hivyo hata kwa majirani. Leo nilimshika shavu, lile lile, akaniacha nilishike. Amekunywa chai yake mpaka tone la mwisho.

Jumamosi, 18 Januari

Lambert alipofika aliikuta nyumba ina baridi, na hali ni kiangazi. Tumu alikuja kukaa mlangoni kwa sababu ya heshima, uso ukutani. Lambert akauliza, nami nikamweleza. Hakucheka wala hakulaumu. Akaanza kuongea, na kuongea kwake hakukuwa nami. Alikuwa anaongea na Tumu.

"Dada, najua kwa nini aliitafuta hiyo ya Wajerumani. Sijui kama alikuambia."

"Hakuniambia kitu," Tumu akasema. "Mimi nilidhani ni wazimu wa mjini."

"Aliniambia babu yenu alikuwa mpagazi. Wajerumani walimchukua Tanga, vita ile ya kwanza, wakamtwika mzigo, wakaenda naye kusini wakifukuzwa na Waingereza. Hakurudi. Baba Othmani alitafuta jina lake kila mahali alipoweza. Aliandikia watu Ujerumani, aliandikia Uingereza. Majina ya farasi waliokufa yapo. Jina la babu yenu halipo. Njo akasema: kama babu hakuacha hata kifungo, basi nitatafuta vyombo vya wale waliomsukuma. Wajerumani, Waingereza, Wabelgiji, Wareno, wote walipita juu ya wapagazi. Na hakutaka zisuguliwe, kwa sababu, alisema, hizi ziliona. Hakuna mwingine aliyemwona babu aliyebaki duniani ila vyuma hivi."

Nilikaa na mume huyu maisha yangu yote. Nilipomuuliza, kila mara aliniambia, "Napenda ufundi wake." Mimi nikaridhika na jibu hilo, kwa kuwa sikutaka kuzisikia habari zake.

Tumu alikuwa ameshika kizingiti. Akasema, pole pole, "Babu Sechonge."

Lambert akageuka kumtazama.

"Alikuwa anaitwa Sechonge," akasema tena. "Mimi nimelelewa na bibi, mke wake, jina langu ni lake. Mahmoud alikuwa bado mchanga bibi alipofariki, hakuyasikia haya. Walipomchukua babu, bibi alikuwa na mimba ya baba yetu. Babu alikuwa njiani kutoka shamba, amebeba mihogo. Wakamwambia itue hiyo, beba hii. Bibi aliikuta mihogo njiani."

Akapumua.

"Na bibi hakukaa eda. Angekaaje? Hakuna aliyekuja kumwambia mumeo amekufa. Wanaume walimposa, akakataa, akisema mimi ni mke wa mtu. Akazeeka hivyo. Siku za mwisho akili imepotea, mtu akipiga hodi yeye huuliza, 'Ni Sechonge?' Si mke, si mjane. Wewe, Saida, unakaa hapa na nguo zako za eda unalia, na haki unalia. Lakini bibi angezinunua nguo hizo kwa dhahabu."

Nilitoka nyuma ya pazia. Najua haikupasa, Lambert yuko barazani. Naye, Mungu ambariki, alikuwa amegeukia barabarani hata kabla sijasogea. Nikamkumbatia Tumu pale mlangoni. Nilimwambia anisamehe. Alisema, "Na mimi nilisugua shahidi wa babu yangu kwa stilwaya." Kisha akaanza kucheka, cheko la kulia, nami nikamfuata, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Jumapili, 19 Januari

Tumu habadilishi tiketi.

Jumamosi, 25 Januari

Bwana Lourens amekuja kuzichukua zile tatu, karatasi zote zimekamilika. Niliomba nizione kabla hazijafungwa. Akanipa glavu za ziada. Kwa mara ya kwanza maishani nimeishika rivolva ya Waingereza. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Kwenye mpini kuna mahali pamelika kwa kidole gumba cha mtu, na nilipoweka gumba langu hapo niliwaza kwamba Mahmoud naye aliliweka lake, na kitambaa kati yetu, na miaka. Nilikaa nayo mpaka Othmani akakohoa.

Nilimwomba Bwana Lourens aandike kwenye maelezo yake jina la Sechonge, mpagazi wa Tanga. Akataka nimtajie herufi moja moja. Akaandika.

Ikabaki ile iliyosuguliwa. Tulikaa mezani watatu, mimi, Othmani na Tumu. Othmani alisema, na alikisema Kiswahili, kizito, chenye kujikwaa, "Mama, amua wewe. Ukitaka, tutaomba leseni, ibaki." Najua ilimgharimu nini kusema hivyo, mtu mwenye shavu lile.

Nami niliitaka. Siwezi kuliandikia daftari uongo. Ndiyo ambayo Mahmoud aliisafiria kuliko zote, ndiyo aliyorudi nayo akiimba bafuni. Iking'aa, isipong'aa, niliitaka.

Nikamtazama Tumu. "Wewe unasemaje, Dada?"

"Mimi ni mgeni hapa."

"Ni babu yako."

Akaitazama pale juu ya kitambaa. "Mahmoud alitaka shahidi," akasema. "Mimi sitaki shahidi. Nimeshasikia ushahidi wote miguuni mwa bibi. Mimi nataka ikatwe."

Sikulala mchana. Niligeuka na kugeuka. Alasiri niliwaambia ikatwe.

Jumatatu, 27 Januari

Othmani ameipeleka polisi. Amerudi na karatasi ya kupokelewa, amekaa na sisi mpaka magharibi. Hakuna aliyeitaja.

Jumamosi, 1 Februari

Lambert alikuja, safari hii na Marthe mkewe, ambaye hakuwahi kukanyaga nyumba hii kwa sababu ya sefu. Mwanamke mnene, mcheshi, ana saluni yake ya ususi Jeppestown. Yeye aliingia ndani moja kwa moja akakaa nami. Ameleta sombe. Tumu amesema ni kisamvu, Marthe amesema ni sombe, wamebishana alasiri nzima kwa furaha.

Jumatano, 12 Februari

Mvua inapungua. Asubuhi kuna kibaridi.

Jumamosi, 15 Februari

Tumu ameondoka. Shaaban imevuka nusu, na kwao anangojwa kuvunja jungu kabla ya mfungo. Sikuweza kumsindikiza kiwanjani, eda haijaisha, Othmani amempeleka. Mlangoni alinishika mikono yote miwili, akinukia majivu na karafuu.

"Nikifika nitasoma hitma," akasema. "Ya Mahmoud, ya babu na ya bibi. Nitakupigia, usikie."

Nyumba imekuwa kubwa. Nimekikuta kifurushi cha tambi na sukari juu ya friji, ameniachia.

Alhamisi, 27 Februari

Leo baada ya alasiri simu imelia. Tumu aliiweka mkekani katikati ya watu, nami huku nikaiweka mezani, nikakaa mbele yake nimejitanda. Mtandao unakuja na kupotea. Nilisikia watoto, jogoo, mtu anaomba mto, kisha sauti za wasomaji zikapanda, kile kisomo cha kwetu cha kuvuta mwisho, ambacho sijakisikia kikisomwa namna ile tangu nilipotoka Tanga.

Othmani alikuja katikati. Alivua viatu akakaa kando yangu.

Wakafika kwenye dua. Mwalimu akataja majina. Mahmoud. Mwantumu, bibi. Kisha akasita, nikasikia Tumu anamtajia kwa mbali, na mwalimu akaliinua jina kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: Sechonge, aliyechukuliwa njiani. Na watu wote wakaitikia amina, wanaume barazani, wanawake ndani. Zaidi ya miaka mia moja, na ndiyo mara ya kwanza kuombewa kama maiti. Mwanangu akaitikia. Nami nikaitikia.

Simu ikakatika. Nje, mtaa wa Troyeville ulikuwa na jua safi la baada ya mvua, mtu anapiga msumari mahali.

Nikainuka haraka, nikaenda ukumbini mpaka mlango wa chumba cha nyuma, nikagonga, nikasema, "Mahmoud, umesikia? Wamemtaja."

Mkono ulikuwa bado juu ya ubao nilipotambua kwamba hayumo. Othmani alikuwa nyuma yangu. Hakunirudisha. Alisimama nami pale, tukangoja kidogo, kama watu waliopiga hodi.